Tumbo Lipi

Tarehe 4 Februari

Kwako Mama mdogo,

Shikamoo. Barua hii ikikukuta umesimama, kaa kwanza, maana najua ngazi za kwako zinavyokuchosha magoti. Sisi huku hatujambo. Mama Chiriku amepata kazi ya kushona sare za shule mbili, kwa hiyo sebule yetu sasa ni ya bluu upande mmoja na ya kijani upande wa pili, na mimi nakula chakula changu katikati kama refa. Chiriku mwenyewe amempita mama yake urefu. Mdomo wake haujapungua. Mwalimu amemhamisha dawati mara tatu ili aache kuongea, na kila alipohamishiwa, wa jirani naye ameanza kuongea.

Kazini nimepandishwa cheo. Sasa mimi ndiye msimamizi wa maabara ya mtambo. Maji ya mji huu hayafiki bombani mpaka chupa yake ya sampuli ipite mikononi mwangu, na mtaani wananiita Bwana Maji hata watoto. Wewe unajua kwa nini niliifuata kazi hii. Niliapa nikiwa mdogo kwamba hakuna mtoto mwingine wa mji huu atakayezikiwa mama yake kwa tumbo.

Sasa jambo lenyewe. Shule imeleta karatasi ya wazazi kutia sahihi. Wanataka kuwachanja wasichana wa umri wa Chiriku, chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Mama Chiriku alikuwa na kalamu mkononi kabla sijamaliza kusoma. Mimi nimekataa. Kwanza nimesikia zinaharibu uzazi. Pili, fundi pampu wetu alipoiona ile karatasi aliniuliza mbele ya watu kama siku hizi mabinti tunawaandaa mapema hivyo, na kicheko chake mpaka leo kinanikaa masikioni. Na la tatu ndilo kubwa: sisi ukoo wetu ugonjwa wetu tunaujua. Ni tumbo. Mambo ya mlango wa kizazi hayajawahi kuingia kwetu. Mtu humfungia mlango mwizi anayemjua.

Nakuomba, wewe ndiye mkubwa wangu aliyebaki, mwandikie mke wangu. Mimi hanisikii, wewe anakusikia.

Mwanao


Tarehe 17 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na hongera ya cheo. Barua yako imetembea sana. Imefika na mhuri wa mji nisioujua, kona moja imelowa, kana kwamba nayo ilikuwa na safari zake kabla ya kunikumbuka. Mimi nipo. Fundi viatu wa chini ya chumba changu bado ananipandishia mkate na posta, na bado anaimba wimbo mmoja tangu nimfahamu, ubeti wa kwanza tu. Nimeshamwambia kwamba nyimbo huwa na ubeti wa pili. Akanijibu kwamba wa kwanza haujamwisha.

Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa mazoea ya kazi. Unajua nilikula mkate wangu wa ugenini kwa kusahihisha prufu, zile kurasa za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji, na pale tulifundishwa kusoma mara ya kwanza kutafuta maana na mara ya pili kutafuta kosa. Katika kusoma mara ya pili nimekutana na neno moja la kwako. Nimeliwekea alama ya kuuliza pembeni. Nitalirudia, siyo leo. Leo mkono umechoka.

Kuhusu chanjo, sitamwandikia mama Chiriku unavyotaka, kwa sababu nakubaliana naye. Nilimuuliza daktari kuhusu hilo la uzazi, akaniambia limechunguzwa kwa miaka mingi na si kweli. Utauliza, daktari gani huyo. Tumbo linanisumbua kidogo, nakwenda kuangaliwa pale hospitali ya karibu. Si jambo.

Na ya fundi pampu: ukikataa kwa sababu yeye alicheka, basi umempa fundi pampu malezi ya mwanao. Ngoja barua yangu ijayo kabla hujakata shauri. Sikuombi zaidi ya hapo.

Salamu kwa wa sare na kwa mwenye mdomo.

Mama yako mdogo


Tarehe 29 Aprili

Kwako Mama mdogo,

Shikamoo. Barua yako nimeipata baada ya siku yenyewe kupita, kwa hiyo usinilaumu kwamba sikungoja.

Hatujambo kwa miili. Nyumba imepoa. Siku ya chanjo nilimwambia Chiriku avae nguo za nyumbani, nikaenda naye kazini. Nilimzungusha mtambo mzima. Nilimwonyesha matangi ambamo tope linatuama, machujio ya mchanga, chumba cha klorini. Alifurahi mno. Aliniuliza maji yanajuaje kwamba yamekuwa safi. Nikamwambia hayajui, sisi ndio tunajua kwa niaba yake. Basi akarudi nyumbani kumweleza mama yake hayo yote, na mama yake akasikiliza mpaka mwisho, akamtengea chakula, akaendelea kushona. Mimi hakuniuliza kitu. Tangu siku hiyo cherehani ndiyo inayonijibu. Nikisema habari za asubuhi, anakanyaga.

Wenzake Chiriku walirudi na plasta mikononi, wakawa wanaonyeshana kama askari wa vita. Yeye akajibandikia yake kwa gundi ya daftari. Nilimwona, nikajifanya sikuona.

Mama mdogo, sikutegemea uwe upande wa pili. Umekaa ugenini mpaka umesahau sisi ni watu wa namna gani. Muuguzi wa shule amesema kituo cha afya kinaendelea kuwachanja wasiozidi miaka kumi na minne, kwa hiyo mama Chiriku anahesabu miezi na mimi nasubiri iishe. Nakwambia kweli.

Lakini la tumbo lako limeninyima raha. Sikiliza mtu wa kazi. Chemsha maji mpaka yatokote, usiyaepue yakianza tu kutoa povu. Yaache yatokote dakika tano. Yapoze ndani ya chombo chenye kifuniko, usichovye kikombe, mimina. Usinywe ya bombani hata kama wenyeji wanakunywa, wao matumbo yao yameshazoea. Pilipili acha. Nimempoteza mmoja kwa tumbo, sitaki kumpoteza wa pili.

Mwanao


Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Fundi viatu amepata mjukuu, na siku ile aliwagawia pipi wateja wote, hata waliokuja kugomba kwa sababu viatu vyao havijashonwa. Wengine waliondoka na pipi na bila viatu, na wala hawakununa. Nimekuandikia hili kwanza kwa sababu nataka uwe na kitu kizuri cha kushika.

Sasa nakuja kwenye lile neno.

Mama yako hakufa kwa maji. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha. Mama yetu alinipa kazi hiyo kwa kuwa sikuwa na mume wala mtoto, na mlango wa chumba ulikuwa ukifungwa kila nikiingia. Alikuwa akitokwa na damu, siyo ile ya kila mwezi, na vitambaa vyake nilivifua nyuma ya nyumba, nikavianika chini ya shuka ili mpita njia asivione. Tulipomfikisha hospitali ilikuwa imeshasambaa. Daktari aliitaja mbele yetu sisi wanawake wawili: saratani ya mlango wa kizazi. Mama yetu akaitikia kwa kichwa, na tulipotoka nje, mtu wa kwanza alipotuuliza mgonjwa ana nini, akasema, "Tumbo."

Hakusema uongo. Mimi na mama yako tunaitwa ndugu wa tumbo moja, na tumbo alilolisema ni hilo. Wanawake waliokuja kumjulia hali walielewa ni lipi. Wanaume walielewa kwamba hawatakiwi kuuliza. Wewe ulikuwa mtoto, ukauliza, ukapewa neno lile lile la watu wazima. Na mtoto ana tumbo moja tu, la chakula.

Mwaka uliofuata ndipo tulipotawanyika, kila mtu na furushi lake, na mimi nikaja kuishia huku. Ulipoandika kwamba umeajiriwa kwenye maji nilifurahi kama angefurahi mama yeyote. Sikujua uliyafuata kwa ajili yake. Nilidhani habari ya mama yako ulishaambiwa ulipokuwa mtu mzima, na wewe ulidhani unaijua, na barua zetu zote hizi zikawa zinapita juu ya shimo lililofunikwa mkeka. Nimesahihisha maneno ya watu maisha yangu yote. Hili lisingekamatwa na msahihishaji yeyote, maana limeandikwa sawasawa.

Ugonjwa huu haurithiwi kama pua. Unaletwa na kirusi, na kirusi chenyewe ni cha kawaida, kinawapata watu wengi, waliotulia na wasiotulia, na wengi kinawatoka bila wao kujua kiliingia. Wachache kinawakalia. Mama yako hakumjua mwanamume mwingine ila baba yako. Mpelekee fundi pampu hilo akalicheke. Wasichana wanachanjwa wakiwa wadogo kwa sababu chanjo lazima ikitangulie kirusi. Hakuna anayemshuku mwanao. Mlango unafungwa mgeni akiwa bado hajaja, na wewe ulishasema mwenyewe habari za kumfungia mwizi.

Sikuandikii haya nikunyang'anye maji yako. Sijui nikwambie nini juu ya hayo. Nimekaa na karatasi hii tangu majuzi nikitafuta sentensi ya kukurudishia ninachokuchukulia, na sikuipata.

Bado moja. Nilikuandikia tumbo linanisumbua, ukanijibu nichemshe maji. Nilicheka peke yangu, halafu nikaisoma mara ya pili. Nilikuwa nimefanya alichofanya mama yangu pale nje ya hospitali, kwa neno lile lile, kwa mtoto yule yule. Ni tumbo la mama yako, mwanangu. Limechelewa kugunduliwa. Huku walikuwa wakiniita mara kwa mara nikapimwe, na mimi nikawa najiambia mwanamke mzee asiye na mume anapimwa nini.

Hata hivyo maji nachemsha kama ulivyoagiza. Dakika tano, na namimina, sichovyi.

Mama yako mdogo


Tarehe 20 Agosti

Mwanangu,

Mwandiko huu si wangu, ni wa fundi viatu. Usishangae herufi zake, ameshika kalamu kama anavyoshika sindano ya kushonea soli. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuongeza chumvi.

Sijapata jibu lako. Labda barua yangu inatembea tembea kama ile yako ya Februari. Labda imefika na umeiweka mahali. Kama umekasirika, una haki. Mimi nilijua jambo moja juu ya mama yako, na wewe ulilijua lingine, na wewe ndiye uliyejenga juu ya la kwako.

Sitaki kukuuliza habari za Chiriku. Nimejikataza. Nakusalimu tu. Wasalimie na wale wawili.

Mama yako mdogo

Mimi mwandishi naongeza hapa chini bila yeye kusomewa. Bwana, mimi hunijui. Kila nikipanda ngazi ananiuliza kama nimepita posta, na jana aliniuliza nikiwa bado sijaufungua mlango vizuri. Anakula kidogo sana. Kama una la kumwambia, liwe fupi lakini lije.


Tarehe 14 Septemba

Kwako Mama mdogo,

Shikamoo.

Barua yako ilinifikia mwanzoni mwa Julai. Niliisomea maabara, nimesimama, nikaikunja nikaiingiza katika mfuko wa koti la kazi, na ikakaa humo. Koti nilikuwa nalivua jioni, nalivaa asubuhi, siitoi. Nilikuwa na hasira na wewe. Halafu nikawa na hasira na bibi. Halafu zikaisha na barua ikawa bado imo.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata mama Chiriku. Mwaka ule mama anaumwa, bomba la mtaani lilikauka, na mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kisimani. Siku moja niliiona njia ndefu. Nikachota bwawani, pale ng'ombe wanaponywea, nikajaza ndoo nikarudi upesi. Mama alikuwa na kiu. Nilimshikia kikombe mwenyewe, akanywa chote, akasema, "Asante, baba." Wiki ile ndiyo aliyofariki. Watu walijaa uani, nikasikia tumbo, tumbo, kila pembe tumbo. Nikajumlisha mwenyewe.

Sasa wewe unaniambia hayakuwa maji. Siku nilipoielewa barua yako kweli kweli nilikuwa pembeni ya tangi la mwisho, lile ambalo maji yake yameshakuwa safi mpaka unaona sakafu. Nikakaa chini. Fundi pampu akaja akaniuliza kama nimeteleza, nikamwambia ndiyo. Akakaa na yeye, hakucheka. Sijui nililia kwa sababu nimeachiwa huru au kwa sababu nimeibiwa. Maji nimeyapima miaka yote hii ili kumlipa mtu ambaye hakunidai. Na kama ningejua angalau siku moja akiwa hai kwamba ana maumivu ya namna ile, nisingekuwa nikimpandia kitandani na kumkalia tumboni.

Barua yako ilikawia kujibiwa kwa sababu hiyo, na ile ya fundi viatu ndiyo iliyoniamsha. Nilimpa mama Chiriku zote mbili azisome, maana kusema nilishindwa. Alizisoma akiwa bado kwenye cherehani. Alipomaliza alisema, "Kumbe." Akazikunja vizuri kuliko nilivyokuwa nimezikunja mimi. Kisha akasema, "Kesho tunakwenda." Ndiyo maneno ya kwanza aliyonipa marefu kuliko salamu tangu Aprili.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa. Muuguzi akaangalia daftari la shule, akauliza siku ya chanjo mtoto alikuwa wapi. Chiriku akamjibu alikuwa kwa baba, kwenye maji, na akaanza kumweleza machujio ya mchanga mpaka mama yake akamgusa bega. Muuguzi akanigeukia mimi. Akaniuliza, kwa upole tu, ni nini kilichonibadilisha.

Nikamwambia, "Mama yangu alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi."

Mama mdogo, nilikuwa sijawahi kulitamka. Lilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Kwenye benchi kulikuwa na wanaume wawili, wote wakaangalia viatu vyao. Muuguzi hakuangalia viatu. Alisema, "Pole, baba," kisha akamwambia Chiriku akunje mkono wa shati. Njia nzima ya kurudi Chiriku hakusema neno. Wewe humjui kwa sura, lakini ukimya huo unaweza kuukadiria.

Nimeomba ruhusa ya kusafiri nije huko. Karatasi zimeanzia kwa mkubwa wangu, zikaenda kwingine, na sasa hakuna anayejua zimelala meza gani. Kila siku napita kuuliza. Nisubiri, tafadhali. Najua siyo jambo la kumwomba mtu.

Kazini naendelea. Leo asubuhi nimejaza chupa zangu, nimepima, nimetia sahihi, mikono inajua. Sijui sasa nampimia nani. Na huko kwako yaendelee kutokota dakika tano, hata kama haisaidii. Nitafurahi kujua kwamba kuna kitu tunakifanya sote wawili.

Fundi viatu alisema iwe fupi. Niombee radhi kwake, na mwambie asante.

Mwanao

Bibi, shikamoo. Ni mimi Chiriku. Baba amenibakishia hapa chini tu kwa sababu anasema mimi nikianza karatasi haitatosha. Mkono uliuma siku moja ukaacha. Plasta ya kweli haibanduki kama ya gundi. Siku ile nilinyamaza kwa sababu nilikuwa namfikiria bibi yule ambaye sikumwona, halafu nikaanza kukufikiria wewe. Nikamuuliza baba wewe unaumwa nini. Akasema tumbo. Nikamuuliza lipi. Akaniambia.